Mashine Isiyo na Binamu

Bosi wangu Émile alirudi kutoka Kinshasa na begi lenye magurudumu, katika mji ambao barabara zake zinameza magurudumu, na neno moja alilolimumunya mdomoni kama pipi: comparatif. Kila kitu kilihitaji comparatif. Hata kabla ya kununua karanga pale chini, mzee alitaka kwanza tulinganishe karanga.

Ofisi yetu ina watu wawili. Émile ni mkurugenzi mkuu, na mimi, Fanny, ni wengine wote waliobaki. Programu nilijifunza kuandika kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, miaka niliyokuwa nikiuza vocha chini ya mwavuli karibu na soko kuu. Chuo changu kilikuwa wateja wabishi na mvua. Émile ana diploma mbili, na zote amezitundika ukutani, kwa sababu ukuta ule una mashimo mawili.

Kazi yenyewe ilitoka kwa Sœur Julie, mtawa anayeshika stoo na matumizi ya shule moja ya bweni ya wasichana. Mwaka uliotangulia, msimamizi wa pale alikuwa anawapa ndugu zake tenda ya chakula. Mjomba analeta unga, shemeji analeta mafuta, binamu analeta maharagwe, na katika maharagwe ya binamu mlikuwa na nyama nyingi kuliko kwenye sahani ya Jumapili, ila nyama hiyo ilikuwa na miguu sita. Msimamizi alifukuzwa. Sœur Julie akapanda ngazi zetu, akaketi, akapangusa jasho, akasema:

"Nataka mashine. Iwachunguze wafanyabiashara, iniambie nani anaaminika. Nataka mashine isiyo na binamu."

Émile alifurahi mpaka akasimama. Akamwahidi wakala wa akili bandia: unampa jina la mtu, anakwenda mwenyewe mtandaoni, anatafuta, anasoma, anapima, anarudi na alama. Sœur Julie akaapa mbele yetu kwamba alama zikitoka, yeye hataingiza mkono.

Sasa, akili bandia hiyo, ukiifungia peke yake chumbani, haijui hata kama jana mvua ilinyesha hapa Makiso, katikati ya Kisangani. Inahitaji macho, na macho yanakodishwa na kampuni za ng'ambo kwa njia ya API, yaani kidirisha ambacho programu yako inapenyeza swali na kupokea jibu bila binadamu kunyanyua kidole. Kampuni hizo ni nyingi, na kila moja inajisifu kumshinda muuza dawa za minyoo kwenye kivuko. Émile akachagua tatu. Nikazipa majina, maana majina yao halisi yalisikika kama dawa ya meno.

Ya kwanza niliiita Mdokoaji. Ukiiuliza, inakimbia mtandaoni, inadokoa sentensi moja hapa na nusu sentensi pale, inarudi kabla hujakohoa. Ya pili ni Mlafi. Huyu anaingia ndani ya ukurasa na kuukwangua wote, kama mtoto anavyokwangua ukoko wa sufuria: habari, matangazo, ugomvi wa wasomaji, mpaka lile tangazo la viatu pale chini. Ya tatu ni Mjuaji. Haikuonyeshi kurasa. Inakupa jibu lililokwisha kupikwa, kwa maneno mazuri, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kukosea kwa sababu hajawahi kutoka nje.

Émile akatengeneza jedwali la kuzilinganisha. Lilikuwa na safu ya mwendo, safu ya bei, safu ya urahisi, hata safu ya uzuri wa nembo. Nikalizungusha huku na huku.

"Chef, safu ya ukweli iko wapi?"

"Fanny, tu es compliquée, unapenda kutatiza mambo. Ukweli unatoka wenyewe, ukiwa na mwendo."

Mdokoaji akashinda. Alikuwa na mwendo, alikuwa rahisi, na nembo yake ilikuwa ya kijani.

Walioomba tenda ya maharagwe walikuwa wengi mwanzoni, lakini waliposikia hakuna mtu wa kumwona pembeni, wakajiondoa mmoja mmoja na kazi zao za ghafla. Wakabaki wawili. Wa kwanza alikuwa Kasoki Annette, mama wa Butembo, mwenye depo ya maharagwe, ambayo hapa tunayaita madesu, na chumvi na mafuta hapo hapo chini ya ofisi yetu. Lori la barabara ya Ituri likifika, tunajua kwa harufu kabla ya kelele. Mama huyu alitaka jambo moja tu: jina lake lipite kwenye lango la ile shule. Mwaka wa yule msimamizi alirudishwa langoni na mali yake, mbele ya wazazi, akiambiwa, "Hapa hatujui Kasoki." Neno hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki ngolo. Alikuwa na wateja wa kutosha. Alilotaka ni kujulikana pale alipoambiwa hajulikani.

Wa pili alikuwa Noël Bosongo-Lifeta, kijana wa suti, mkurugenzi wa Établissements Lumière Totale. Depo yake hakuna aliyewahi kuiona. Ila alikuwa na tovuti.

Tukampeleka Noël kwanza kwa Mdokoaji. Jina kama lile liko moja duniani, na mtandao mzima ulikuwa na ukurasa mmoja tu unaolitaja: ule alioandika mwenyewe. "Kampuni kiongozi katika Afrika ya kati. Uaminifu. Ubora." Kulikuwa na picha ya ghala kubwa, na nje ya mlango wa ghala kulikuwa na theluji. Theluji, Kisangani! Mdokoaji hakuitazama theluji. Akarudi na alama za juu kabisa: hakuna kesi, hakuna malalamiko, sifa tupu.

Kisha tukampeleka Kasoki.

Mdokoaji akarudi mikono imejaa. Kasoki, aliyefungwa kwa karatasi bandia za forodha. Kasoki, mshindi wa mbio za baiskeli. Kasoki, anayetuhumiwa kuiba mafuta ya gari la parokia. Kasoki, mwinjilisti. Kasoki, amefariki, mazishi Jumamosi. Mjuaji naye, tulipomjaribu kwa ajili ya jedwali, akayashona yote hayo kuwa nguo moja: "Kasoki Annette ni mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini ambaye, baada ya kifungo, alijiunga na uinjilisti. Alifariki ghafla. Hata hivyo ameendelea na biashara yake Kisangani, jambo linaloonyesha uvumilivu mkubwa."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Émile hakucheka.

"Huyu mama ana historia nzito," akasema.

"Chef, huyu mama yuko chini. Anauza chumvi. Chungulia dirishani."

"Mimi sichungulii madirisha, Fanny. Mimi ninasoma données, yaani data."

Habari ilishuka ngazi haraka kuliko mimi, kwa sababu Émile, kwa heshima zake za Kinshasa, alipokutana na mama mlangoni alimpa pole. Muda si mrefu Kasoki akapanda, mikono ina vumbi la maharagwe, kitambaa cha kichwa kimekaa upande kama kofia ya askari aliyekasirika.

"Fanny, minasikia mi nilishakufa."

"Nani anasema hivyo, mama?"

"Ule enjeniere yako. Ananipa pole kwa mulango. Namuuliza, pole ya nini? Anasema, ya mambo yote yenye ulipitia. Mambo gani? Mi nilipitia tu pale kununua sabuni!"

Émile akarekebisha tai. "Mama, si mimi. Ni données."

"Ni nani?"

"Données, mama. Données ndio zinasema."

"Doné? Ule wa Mangobo?" Kasoki akanigeukia. "Fanny, namujua huyu Doné. Muongo sana! Aje hapa anisemee mbele ya macho."

Ikabidi nimweleze. Nikamwonyesha kwenye skrini, mstari baada ya mstari. Alisoma kwa kidole, midomo ikicheza, na alipofika kwenye mazishi akafanya ishara ya msalaba, kisha akakasirika kwamba amejiombea mwenyewe kama marehemu.

"Lakini hawa si mi! Hawa ni bakina Kasoki bengine."

Hapo ndipo Émile alipochomoa diploma yake ya kwanza. "Tuseme hivyo. Tuseme si wewe binafsi. Lakini, mama, hata kama ni ndugu zako, ukoo mmoja wenye kesi za forodha, za mafuta, za..."

"Ukoo gani?"

"Ukoo wa Kasoki."

Kasoki akamkodolea macho. Hata ile feni yetu mbovu ilionekana kusikiliza. Kisha Kasoki akaanza kucheka, kicheko kinachoanzia tumboni na kupanda taratibu, mpaka akakalia kiti cha wageni bila kukaribishwa.

"Enjeniere! Kasoki haiko ukoo! Kwetu Banande, mutoto anapewa jina kufuata zamu ya kuzaliwa. Kila nyumba iko na Kasoki wake. Simama kwa soko ya Butembo, ita 'Kasoki', utaona namna banawake bote banageuka, na nusu yabo itakudai."

"Na mume wako? Nzanzu Timothée?" Émile akapekua karatasi. "Maana ukoo wa Nzanzu nao una matatizo. Nzanzu mmoja alikamatwa na mbao."

"Yesu." Kasoki akanitazama. "Huyu alisoma wapi?"

"Ukutani, mama. Ziko mbili."

Ungedhani mambo yangeishia hapo. Mtu mwenye akili ya kuazima angesema, kumbe, akafuta karatasi. Lakini Émile alikuwa ameshalipia Mdokoaji wa mwaka mzima, jedwali ameshalituma kwa Sœur Julie likiwa na rangi, na binadamu akishatuma jedwali lenye rangi, huwezi kumtoa ndani yake hata kwa jeki ya lori. Akasema mfumo ni mfumo. Kama mtandao unasema vibaya juu ya mama, mama aandike vizuri juu yake mwenyewe, kama alivyofanya Monsieur Noël. Atengeneze ukurasa. Wakala ataupitia tena kabla ya Sœur Julie kutia sahihi.

Nikamwonyesha kwanza ule wa Noël wenye theluji, kisha nikamfungulia wake. Kasoki akavuta kiti, akaanza kunitajia maneno ya kuandika, na hapo tukagombana.

"Mama, andika wewe ni nani. Usiandike wewe si nani."

"Banitukane mafuta, banitukane forodha, banizike, na mi ninyamaze? Kwetu mutu akikutukana matusi tatu, unajibu yote tatu. Ukiruka moja, batasema njo hiyo iko kweli. Andika, Fanny."

Nikaandika. Nanakili hapa kama alivyosema, kwa sababu ni ukurasa bora kuliko ule wenye theluji:

"Mi njo Kasoki Annette, muke wa Nzanzu Timothée. Depo yangu iko Makiso, nyuma ya soko. Nauzisha madesu ya Kivu, safi, yenye haina wadudu. Kasoki mwenye aliiba mafuta ya parokia si mi. Kasoki mwenye alifungwa kwa sababu ya karatasi za forodha si mi. Kasoki mwenye alikufa, Mungu amupokee, si mi. Kama uko na swali, usiulize mutu mwingine. Kuja, nikuone, na weye unione."

Akaniomba nimsomee mara mbili. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi chini kuuza.

Tukamtuma Mdokoaji.

Mdokoaji, kumbukeni, hasomi. Anadokoa. Akaingia kwenye ukurasa wa mama wa watu kama kuku kwenye unga, akachukua alichoweza kumeza, akarudi na hiki: "Kasoki Annette... aliiba mafuta ya parokia... alifungwa kwa sababu ya karatasi za forodha... alikufa, Mungu amupokee..." Zile "si mi" zote tatu alikuwa amezimwaga njiani. Na chini yake, kwa fahari: "Chanzo: ukurasa wa Kasoki Annette mwenyewe."

"Amekiri," Émile akasema kwa sauti ya chini.

"Chef, hajakiri. Amekana! Neno la kukana limekatwa. Soma ukurasa wenyewe."

"Nikianza kusoma kurasa mwenyewe, wakala ni wa nini?"

Swali hilo, nakiri, ndilo swali bora alilowahi kuuliza, na hakulisikia.

Nikamwamsha Mlafi. Mlafi aliufuata ukurasa mwanzo hadi mwisho, akaukwangua, akautafuna pamoja na tangazo la viatu, na baada ya muda wa kuchemsha majani ya sombe akarudi na jibu la kistaarabu: mtu huyu anasema wazi kwamba anafanana jina na wengine, na kwamba yeye siye. Hakuna ushahidi dhidi yake. Nikampa Émile ile skrini kama mtu anayetoa mtoto majini.

"Ni polepole," akasema.

"Lakini ni kweli."

"Ni polepole na ni ghali. Na tukimwuliza wa tatu?"

Tukamwuliza Mjuaji, ambaye hajawahi kukosa la kusema. Akasema: "Kasoki Annette anajulikana zaidi kwa kukana makosa mengi."

"Umeona?" Émile akafunga kompyuta. "Wawili dhidi ya mmoja."

Nikaenda kwa Sœur Julie kwa miguu yangu. Nilimkuta stoo, amefunga aproni juu ya kanzu, anapima mafuta yaliyobaki kwa kijiti. Nikamweleza yote: majina, zamu ya kuzaliwa, maneno yaliyokatwa, theluji. Alisikiliza vizuri. Sœur Julie si mjinga, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Mwanangu Fanny, ninakuamini."

"Basi mpe mama tenda, ma sœur."

"Siwezi. Niliapa sitaingiza mkono. Nikiuingiza leo kwa Kasoki, kesho watasema Kasoki ni dada yangu. Yule msimamizi naye alianza hivyo hivyo, kwa kumwamini mtu mmoja mzuri." Akachomoa kijiti, akakitazama. "Mashine imesema Noël. Noël alete."

"Noël hana maharagwe, ma sœur."

"Mashine haikusema hivyo."

Nilitoka pale nikiwa nacheka peke yangu njiani, kile kicheko ambacho watu wa toleka wanakupisha na baiskeli zao wakidhani umelewa. Tumemtafutia mtawa mashine isiyo na binamu, tukampa mashine isiyo na macho, na yeye ameipigia magoti. Nilipomwambia Kasoki, hakucheka. Alikaa juu ya mfuko, akaokota maharagwe yaliyodondoka sakafuni, moja moja, akayarudisha.

"Donc, basi, safari hii hata langoni sikufika," akasema. "Mbele walisema hawanijui. Sasa wananijua, na ni mutu mwingine."

Nikainama kumsaidia kuokota, bila hata mzaha mmoja. Kwangu hilo ni jambo la nadra.

Wasichana walikuwa warudi bweni Jumatatu. Ijumaa, jua likiwa kali, gari dogo la kukodi likasimama mbele ya depo, akashuka Noël Bosongo-Lifeta. Suti ile ile, viatu vimeng'arishwa, uso wa mtu aliyekwisha kuzunguka mji. Nilikuwa pale kwenye kiti cha plastiki nakula lituma yangu ya ndizi za kupondwa, na sikuhama.

"Mama Kasoki, mbote."

"Mbote, monsieur."

"Mama, nimesikia uko na madesu."

"Unasikia wapi? Kwa mutandao?"

Noël akacheka kicheko cha kuomba. Akajieleza. Lori lake, sijui, limekwama. Mshirika wake, sijui, simu haipatikani. Amepita kwa wauzaji wote wa soko, wana makopo makopo tu, hakuna mwenye mzigo wa shule nzima. Kila aliyemuuliza alimwelekeza hapa.

"Na ghala yako?" Kasoki akauliza. "Ile ya barafu?"

"Mama, limbisa, nisamehe. Ile ni picha tu."

"Picha nzuri. Mi nilipenda." Akakaa vizuri. "Madesu iko. Ya Kivu, safi. Bei yangu njo ile ya kila mutu, sikuongezee hata kidogo. Lakini niko na sharti."

"Sema, mama."

"Kila mufuko unaandikwa jina yangu. Kubwa. Kwa rangi nyeusi."

Noël akatikisa kichwa. "Mama, hiyo haiwezekani. Tenda ni yangu. Pale langoni wataona Lumière Totale inaleta mifuko ya..."

"Ya Kasoki."

"Mama, nitakuongezea kitu juu ya bei."

"Nilishakuambia bei. Weye unasikia bei, mi nasema jina."

"Jina ndogo basi. Kwa chini, pembeni."

Nikashindwa kujizuia. "Noël, kaka, Jumatatu wasichana watakula theluji?"

Akanitazama kwa chuki safi kabisa, chuki ya mtu anayejua umesema kweli. Akaangalia mifuko, akaangalia saa, akaangalia barabara kama mtu anayetumaini barabara itamletea maharagwe mengine. Barabara ilimletea vumbi.

"Andika," akasema.

"Apana, weye njo utaandika. Mi nitasoma kama uliandika muzuri." Akamletea kopo la rangi na brashi, na kipande cha katoni alichokwisha kukitoboa herufi kwa wembe wakati wanazungumza. Mkurugenzi mkuu wa kampuni kiongozi katika Afrika ya kati akavua koti, akachuchumaa kwenye vumbi la Makiso, akaanza kupaka. K. A. S. O. K. I. Kasoki amesimama nyuma yake akikagua.

"Hiyo O iko kama yai yenye ilivunjika. Rudilia."

"Mama, inasomeka!"

"Kwa weye. Kuna batu benye habasome mpaka mwisho. Rudilia."

Akarudia.

Émile, aliposikia mzigo unaondoka, akanipa kamera niufuate hadi shuleni nikapige picha ya "mafanikio ya mfumo" kwa ajili ya tovuti yetu. Mzigo uliondoka kwa mkokoteni na msururu wa toleka, mifuko imelazwa juu ya baiskeli, maandishi yakitazama nje upande wa barabara, maana Kasoki mwenyewe alisimamia namna ya kuilaza. Mji mzima ulisoma. Mama mmoja muuza chikwangue, ule mkate wa muhogo, alisoma kwa sauti, akampungia mkono mwenye baiskeli wa kwanza, akidhani ndiye Kasoki.

Langoni Sœur Julie alikuwa anasubiri, mikono nyuma. Mfuko wa kwanza ukashushwa. Akaufungua mdomo, akatia mkono mpaka kiwiko, akatoa kiganja cha maharagwe, akayapuliza, akayapeleka kwenye mwanga. Akauma moja. Kisha akaufunga mfuko na kusoma kilichoandikwa ubavuni. Akaangalia wa pili. Akaangalia wa tatu, uliokuwa bado umefungwa kwenye toleka.

"Monsieur Noël, hii ni nini?"

Noël alikuwa na rangi nyeusi mpaka kwenye mikono ya shati. Nilimwona akifungua mdomo, na niliona uongo ukipanda, uongo mzuri, wa kampuni kiongozi. Haukufika. Labda jua lilimchosha, labda magoti yalikuwa bado yanamuuma.

"Ni jina la mwenye mali, ma sœur."

"Mwenye mali si wewe?"

"Mimi niliandika tu."

Sœur Julie akanigeukia. Nikainua kamera, nikajifanya natafuta mwanga. Akamrudia Noël.

"Malipo ya mzigo huu ni yako, tenda ina sahihi yangu. Lakini wa mwezi ujao, wewe usije. Nimeapa kufuata mashine katika kuchagua. Sikuapa kununua kwa mtu asiye na kitu. Mwambie huyu Kasoki aje yeye. Aingie na lori lake hapa hapa, langoni."

Nilirudi haraka, jasho likinitiririka, nikampita Émile aliyekuwa ngazini akiniuliza picha zimetoka vipi. Kasoki alikuwa anafagia mahali mifuko ilipokuwa imelala. Nikamweleza. Hakuniachia nimalize.

"Alisema Kasoki?"

"Ndiyo, mama."

"Alisema namna gani? Kasoki ule, ao Kasoki gani?"

"Kasoki tu. Alisoma kwenye mfuko."

Akaweka fagio ukutani. Akatoka nje mpaka barabarani, akaangalia kule toleka zilikokwenda, ingawa hazikuonekana tena. Aliporudi ndani alianza kuvuta mifuko mingine kutoka nyuma, akiipanga mbele, yote ikiwa bado haina maandishi, na akapiga kelele kwa mume wake chumba cha pili:

"Nzanzu! Ile kopo ya rangi, usiifunike."